Madoa meusi ya ngozi: kuyatambua na kuyatibu bila kuiharibu ngozi

Mtu anayeingia farmasi mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kuomba dawa ya madoa meusi mara nyingi hupewa krimu kabla ya kuulizwa lolote. Haulizwi doa lilianza lini, lilitanguliwa na nini, linawasha au haliwashi, wala kama ni mjamzito. Huondoka na dawa ya kufifisha rangi huku kile kilicholeta doa kikiendelea na kazi yake, na baada ya miezi michache hurudi akiwa na madoa mengi kuliko yale aliyoanza nayo. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine: kulijua doa kwanza, kisha kukizima chanzo chake, kisha kujikinga na jua, na dawa ya kupaka ndiyo ya mwisho.

Doa hutokeaje

Rangi ya ngozi hutengenezwa na seli ziitwazo melanositi, ambazo hukaa sehemu ya chini ya tabaka la juu la ngozi na kuzalisha melanini, yaani rangi yenyewe. Idadi ya seli hizo inakaribia kuwa sawa kwa watu wote, weusi kwa weupe. Kinachotofautiana ni ukubwa wa vifuko vya melanini, wingi wake na jinsi vinavyosambazwa. Katika ngozi nyeusi seli hizi hufanya kazi kubwa, na hiyo ni faida, kwa kuwa melanini hupunguza madhara ya jua. Lakini seli hizo hizo hushtuka upesi. Chunusi ikivimba, wembe ukikwaruza, mdudu akiuma au mafuta ya moto yakirukia mkono, melanositi za mahali hapo huzalisha rangi ya ziada, na kidonda kikishapona rangi hiyo hubaki.

Kina cha rangi ndicho kinachoamua muda wa kupona. Melanini ikiwa katika tabaka la juu, doa huwa la kahawia na hufifia polepole kadiri ngozi inavyojifanya upya, ingawa kazi hiyo huchukua miezi. Ikizama katika tabaka la ndani, doa huelekea rangi ya kijivu au ya samawati iliyokolea, na hilo huweza kukaa miaka mingi au lisiondoke kabisa. Simama kando ya dirisha asubuhi, bila vipodozi usoni, ulitazame doa lako kwa kioo kidogo. Ukiona kahawia, una sababu nzuri ya kutumaini. Ukiona kijivu, usimwamini yeyote anayekuahidi ngozi safi ndani ya wiki mbili.

Kulijua doa lako

Madoa yaliyo mengi zaidi kwetu ni yale yanayoachwa na uvimbe wa ngozi. Chunusi ndizo zinazoongoza kwa vijana, hasa kwa wale wanaozikamua kwa kucha. Wanaume wanaonyoa ndevu hadi chini kabisa hupata vipele vya shingoni kwa sababu nywele zilizojikunja hurudi kuchoma ngozi, na kila kipele huacha alama yake. Upele, ule unaoletwa na wadudu wadogo wa ngozini, unaowasha usiku na kuwapata watu wote wa nyumba moja, huacha madoa mapajani, kiunoni na matakoni. Ukurutu wa watoto huacha weusi kwenye mikunjo ya viwiko na magoti. Tangu mpox ilipoenea Kivu Kusini, kuanzia Kamituga mwaka 2023, wapo pia waliopona ugonjwa huo wakabaki na alama nyeusi au nyeupe usoni na mikononi. Hao wanahitaji kuambiwa ukweli kwamba weusi utapungua kwa muda, lakini mashimo yaliyoachwa na vidonda virefu hayasawazishwi na krimu yoyote.

Melasma ni jambo jingine. Hutandaa kama mabaka ya kahawia kwenye mashavu yote mawili, paji la uso na juu ya mdomo, karibu sawa kulia na kushoto, bila kipele wala kidonda kilichotangulia. Huwapata zaidi wanawake, hasa wakati wa ujauzito au wanapotumia njia za uzazi wa mpango zenye homoni, na jua huikoleza. Baada ya kujifungua huweza kufifia yenyewe katika miezi inayofuata, kwa hiyo mama aliyejifungua juzi hana haja ya kukimbilia dawa kali. Anayedhani kwamba vidonge au sindano ya uzazi wa mpango ndiyo chanzo asiache ghafla kwa uamuzi wake peke yake. Azungumze na muuguzi wa kituo cha afya, kwani zipo njia zisizo na homoni.

Kuna doa ambalo ningependa kila familia ilifahamu, kwa sababu linapita bila kutambuliwa ilhali chanzo chake kiko ndani ya nyumba. Ni doa la mviringo, jeusi lenye ukijivu, lenye mpaka ulio wazi, ambalo hutokea kwenye mdomo, mkono, shina la mguu au sehemu za siri baada ya mtu kumeza dawa fulani. Mwanzoni huwa jekundu au zambarau, huwasha au kuchoma, kisha hukauka na kubaki jeusi. Mtu akimeza dawa ile ile tena, hata baada ya mwaka mzima, doa huamka mahali pale pale ndani ya saa chache au siku moja mbili, na huenda likazaa mengine. Dawa zinazojulikana kwa jambo hili ni zile za jamii ya salfa, yaani Fansidar na Bactrim, pamoja na baadhi ya dawa za maumivu kama ibuprofeni na baadhi ya antibiotiki kama doksisaiklini. Krimu haitasaidia hata kidogo ikiwa dawa hiyo inaendelea kumezwa. Andika jina lake katika daftari lako la afya, na ulitaje kila unapoandikiwa dawa. Mama mjamzito amwambie mkunga kabla ya kupewa Fansidar ya kuzuia malaria. Ikiwa baada ya dawa yanatokea malengelenge mwilini, au vidonda mdomoni na machoni, hiyo ni dharura ya hospitali siku hiyo hiyo.

Shingo nyeusi yenye ngozi nene na laini kama kitambaa cha mahameli, hasa ikiambatana na makwapa ya namna hiyo, mara nyingi si uchafu. Nimeona watoto wakisuguliwa shingo kwa jiwe hadi ngozi ikachubuka, na inanisikitisha, kwa sababu ngozi hiyo inaeleza kwamba mwili unashindwa kuitumia vizuri insulini, homoni inayosimamia sukari ya damu. Kinachohitajika ni kupima sukari na kuangalia uzito na chakula. Vidoto vidogo vyeusi vilivyoinuka kwenye mashavu, vile ambavyo mama na bibi pia wanavyo, ni vya kurithi, havina madhara, na haviondoki kwa kupaka. Daktari anaweza kuvichoma ikiwa mwenye navyo anataka, ila kuvikata kwa wembe nyumbani huacha kovu. Mabaka ya kifua na mgongo yanayotoa unga ukiyakwaruza kwa ukucha ni fangasi, nayo hutibiwa kwa ketokonazoli, ingawa rangi huchelewa kurudi hata fangasi akishakufa.

Yako madoa yasiyopaswa kungoja. Baka lililopauka au lenye rangi ya shaba ambalo halihisi mguso lichunguzwe kama ukoma: mgonjwa afumbe macho, aguswe kwa kipande cha pamba, aseme anapoguswa. Dawa za ukoma hutolewa bure, na zikianza mapema huokoa mikono na macho. Uvimbe wa zambarau au mweusi miguuni au ndani ya mdomo unaweza kuwa saratani ya Kaposi. Doa jeusi linalokua kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha, lenye rangi zaidi ya moja au linalotoa damu, lionwe na daktari bila kuchelewa. Wapo wanaoamini kwamba saratani ya ngozi ni ya wazungu tu. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu.

Kuzima chanzo

Hakuna faida ya kufuta alama za jana wakati za leo zinaendelea kuchapwa. Mwenye chunusi atibu chunusi: benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5 hupakwa kidogo sehemu yote yenye chunusi, si juu ya kichwa cha chunusi peke yake, akikumbuka kwamba dawa hiyo hupausha taulo na mashuka. Mwenye vipele vya ndevu apumzishe wembe kwa wiki kadhaa, kisha atumie mashine inayoacha nywele fupi badala ya kunyoa hadi kwenye ngozi. Akilazimika kutumia wembe, anyoe kwa kufuata uelekeo wa nywele. Nyumba yenye upele itibiwe yote kwa siku moja, hata wasiowashwa, kwa benzili benzoati au permethrini, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto au yafungwe katika mfuko kwa siku kadhaa. Mwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya wadudu kufa, na hapo ndipo watu hukata tamaa na kujikuna upya, wakijiongezea madoa.

Kusugua ni chanzo pia. Wavu mgumu wa kuogea, jiwe la kusugulia visigino likipandishwa hadi magoti, na krimu za kukwangua zenye punje ngumu, vyote huijeruhi ngozi kidogo kidogo kila siku. Maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali na kiganja cha mkono vinatosha kwa uso. Baada ya hapo paka vaselini au losheni isiyo na manukato, kwa kuwa ngozi kavu huwasha, na ngozi inayowasha hukunwa.

Jua la Bukavu

Mji wetu uko kwenye kimo cha takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hauko mbali na ikweta. Ubaridi unaotoka ziwani huwafanya watu wadhani kwamba jua letu ni pole, lakini mionzi ya urujuanimno haitambuliwi kwa joto. Huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na hupenya mawingu mepesi bila shida. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, mama anayeuza ndizi sokoni Kadutu tangu asubuhi hadi jioni, au motari, yaani mwendesha pikipiki ya abiria, anayepanda na kushuka mji mzima, hupokea mionzi mingi hata kama hajatoka jasho. Doa lolote linalopigwa na jua namna hiyo litazidi kukolea, na dawa yoyote iliyopakwa usiku itakuwa imefanya kazi bure.

Kinga ya bei nafuu kuliko zote ni kivuli. Kofia yenye ukingo mpana huukinga uso kuliko kepi, ambayo huacha mashavu wazi. Mwavuli unaotumika wakati wa mvua unafaa pia wakati wa jua. Kitenge kilichofumwa vizuri hukinga shingo na mabega. Krimu ya kukinga jua inunuliwe kwa ajili ya uso na shingo kwanza, kwa sababu ni ghali na hakuna sababu ya kuimalizia mahali panapoweza kufunikwa na nguo. Chagua yenye kipimo cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi, inayokinga mionzi ya aina zote mbili, A na B. Kwa mtu mwenye melasma ninapendekeza kwa nguvu ile yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa oksidi za chuma, kwa kuwa melasma huchochewa pia na mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, ambao krimu nyeupe hazizuii vya kutosha.

Kiasi ndipo watu wengi wanapokosea. Kamua mstari mmoja wa krimu kando ya kidole cha shahada na mwingine kando ya kidole cha kati, kuanzia shina hadi ncha. Hiyo yote ni ya uso na shingo. Tone dogo lililotandazwa hadi lisionekane halikingi kiasi kilichoandikwa kwenye chupa. Aliye nje arudie kila baada ya saa mbili, na tyubu isiachwe juani juu ya meza ya biashara, kwani joto huiharibu.

Dawa za kupaka

Dawa ya kwanza ninayoiamini kwa ngozi yetu ni asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20. Hutuliza chunusi, hupunguza uzalishaji wa melanini, na inaweza kutumiwa na mjamzito. Hupakwa mara mbili kwa siku, na mchonyoto mdogo wa siku za mwanzo ni wa kawaida. Niasinamidi ya asilimia 4 au 5 ni pole zaidi na inafaa kwa ngozi inayokasirika upesi. Adapaleni ya asilimia 0.1 huharakisha ngozi kujifanya upya: kiasi cha punje ya njegere kinatosha uso mzima, usiku, mara mbili au tatu kwa wiki mwanzoni, kisha kuongeza taratibu. Adapaleni na dawa ya jamii yake, tretinoini, hazitumiwi na mjamzito wala anayetarajia kupata mimba.

Anza na dawa moja tu. Ijaribu kwanza sehemu ya ndani ya mkono kwa siku chache. Ngozi ikitulia, ipeleke usoni. Anayechanganya dawa tatu kwa wiki moja huichoma ngozi, na kuungua huko huzaa madoa mapya meusi kuliko ya zamani. Usitarajie tofauti kabla ya wiki 8 hadi 12. Piga picha kwa simu mara moja kwa mwezi, mahali pale pale na saa ile ile, kwa sababu jicho linalojitazama kila siku haliwezi kuona mabadiliko ya polepole.

Limau, magadi, dawa ya meno na javel (maji ya kupaushia nguo) visipakwe kamwe. Maji ya limau yakipigwa na jua juu ya ngozi huleta mmenyuko unaounguza, na michirizi myeusi inayobaki hufuata njia ile ile maji yalikotiririkia.

Haidrokwinoni inahitaji maelezo ya pekee, kwa kuwa ni dawa ya kweli ya kufifisha rangi inayotumiwa vibaya. Daktari wa ngozi anaweza kuiandika kwa asilimia 4, ipakwe juu ya doa tu, kwa miezi michache yenye mwisho uliopangwa, pamoja na kinga ya jua. Ikipakwa mwili mzima kwa miaka, huleta okronosisi: mashavu hugeuka kuwa meusi yenye ubuluu na kuota vipunje vidogo vigumu, na hali hiyo ni ngumu mno kuondoa. Ilielezwa na madaktari wa Afrika Kusini mwaka 1975, na nchi hiyo ikazipiga marufuku krimu zenye haidrokwinoni mwaka 1990. Umoja wa Ulaya uliiondoa haidrokwinoni katika krimu za kung'arisha ngozi mwaka 2001, na ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda ilianza mwishoni mwa mwaka 2018 kuziondoa madukani kwa nguvu ya sheria. Kinachoumiza ni kwamba mwenye okronosisi huona uso ukizidi kuwa mweusi, naye huongeza krimu ile ile iliyomfikisha hapo.

Klobetasoli na betametasoni, ambazo ni steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, huuzwa katika tyubu ndogo za bei ya chini na kuchanganywa na losheni ndani ya vyombo visivyo na lebo. Siku za mwanzo ngozi hung'aa na chunusi hutulia, ndiyo maana watu huzipenda. Baadaye ngozi huwa nyembamba hadi mishipa huonekana, michirizi mipana hutokea mapajani na tumboni, chunusi hurudi kwa hasira, na vidonda huchelewa kupona, jambo linalomsumbua hata daktari anayemshona mama aliyejifungua kwa upasuaji. Zebaki, inayotiwa katika baadhi ya krimu, ni mbaya kuliko zote: huharibu figo na mishipa ya fahamu, humfikia mtoto tumboni, na huenea kwa wengine nyumbani kupitia taulo na kugusana. Kwa Mkataba wa Minamata, krimu zenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika milioni hazikupaswa kutengenezwa wala kuuzwa kati ya nchi na nchi baada ya mwaka 2020.

Kabla ya kulipa, soma lebo. Maneno ya kutafuta, kama yanavyoandikwa kwa Kifaransa, ni hydroquinone, clobétasol, bétaméthasone, mercure (zebaki) na calomel, ambayo ni aina ya zebaki. Chombo kisicho na lebo kirudishe mezani, hata kama muuzaji ni jirani unayemheshimu.

Aliyekwisha kutumia steroidi mwili mzima kwa miezi mingi asiache kwa siku moja, kwa sababu ngozi huweza kuwaka na mwili wenyewe huenda umeacha kutengeneza homoni yake ya kutosha. Aende hospitali apunguziwe hatua kwa hatua, na asione haya: muuguzi hawezi kumsaidia asiyemwambia alichokuwa akipaka. Abebe tyubu na vyombo vyote alivyotumia, hata vilivyokwisha, pamoja na majina ya vidonge alivyomeza mwaka huo na picha za doa lilivyokuwa mwanzoni. Madaktari wa ngozi ni wachache katika mkoa wetu, na mgonjwa aliyejiandaa hivyo huokoa safari ya pili.